Herufi za Kigothi kwenye vyeti, kadi na mabango: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni usanifu na uchapaji, hapa Mbeya. Msimu wa mahafali ukianza, na msimu wa harusi ukifuata, haipiti siku bila mtu kuja na karatasi akisema, "Nataka maandishi kama haya." Maswali yafuatayo nimeyakusanya dukani, kwenye simu, na kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi. Yanaanza na ya msingi. Ya mwisho ni ya wanaotaka kuchora herufi zao wenyewe au kusoma karatasi za zamani.

## Ya msingi

1. Herufi za Kigothi ni zipi hasa?

Ni zile nyeusi, nzito, zenye kona kali, ambazo wateja wengi huziita "mwandiko wa cheti" au "Old English". Zilizaliwa na kalamu yenye ncha pana iliyokatwa bapa. Ukiishika kalamu hiyo kwa mshazari uleule bila kuizungusha, mstari unaoshuka hutoka mnene, na ule unaopanda kwa upande hutoka mwembamba kama uzi. Mkono haupindi duara, unalivunja vipande vipande. Ndiyo maana o ya Kigothi ina kona. Hata jina Fraktur, la mojawapo ya aina zake, limetoka kwenye neno la Kilatini la kuvunjika.

Mwandiko huu ulikua Ulaya Magharibi kuanzia karne ya 12. Vyuo vilikuwa vinaongezeka na vitabu vinatafutwa, huku ngozi ya kuandikia ikiwa ghali. Herufi nyembamba zilizobanana zilibeba maneno mengi zaidi kwenye ukurasa mmoja. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake ya mistari 42 mjini Mainz, karibu mwaka 1455, aliuiga mwandiko huohuo kwa herufi za madini, kwa sababu kwa wasomaji wake kitabu kilikuwa ndicho hicho. Alitengeneza karibu maumbo 300 tofauti, mengi yakiwa herufi zilizounganishwa na vifupisho, ili kila mstari ujae sawasawa kama ulioandikwa kwa mkono.

2. Kwa nini ziitwe za Kigothi? Wagothi ndio walioandika hivi?

Hapana. Wagothi walikuwa na alfabeti yao, iliyobuniwa na askofu Wulfila katika karne ya 4, na haihusiani kabisa na hii. Jina lilibandikwa na wasomi wa Italia waliopenda herufi za mviringo, wakitaka kusema kwamba mwandiko huu ni wa washenzi. Jina limebaki, dharau imekwisha.

3. Mbona Century Gothic kwenye kompyuta yangu haina hata kona moja?

Kwa sababu Marekani, tangu karne ya 19, neno hilohilo lilitumika kwa herufi nyoofu zisizo na vijimguu mwishoni mwa mistari. Franklin Gothic, Century Gothic na Malgun Gothic zote ni za ukoo huo mwingine. Unapotafuta fonti, usiandike "Gothic" peke yake. Tafuta kwa majina ya aina zenyewe, yaliyo kwenye swali linalofuata.

4. Kuna aina ngapi?

Kuna nne kubwa, na kuzitofautisha kutakuokoa na makosa mengi.

Textura ndiyo kongwe na ndiyo kali kuliko zote: mistari yake inasimama kama ua wa mianzi, na vichwa na nyayo za herufi ni vipande vya umbo la almasi. Ndiyo aliyoitumia Gutenberg. "Old English" ya kwenye kompyuta ni Textura ya upande wa Uingereza, iliyoongezewa mapambo kwenye herufi kubwa.

Rotunda ilipendwa Italia na Hispania. Imejaa zaidi, ina mizunguko, na inapumua. Schwabacher ni ya Kijerumani, ya mwishoni mwa karne ya 15. Biblia kamili ya Luther iliyochapwa Wittenberg mwaka 1534 ilipangwa kwa herufi hizo. Fraktur ilifuata mwanzoni mwa karne ya 16, ikichongwa kwa ajili ya vitabu vya mfalme Maximilian wa Kwanza, na ikatawala uchapaji wa Kijerumani kwa karne nne. Utaitambua kwa herufi kubwa zenye mikunjo kama mikonga ya tembo.

Kama ungeniuliza mimi, Kiswahili kinakaa vizuri zaidi kwenye Rotunda kuliko kwenye Fraktur. Sababu ziko kwenye maswali ya 7, 8 na 9. Watu wengi huchagua Fraktur kwa sababu inang'aa, na wanakuja kuona tatizo baada ya kuchapa.

## Kuzitumia kwa Kiswahili

5. Zinafaa kwa kazi zipi?

Zinafaa kwa maneno machache yanayotakiwa kubeba heshima: neno "Cheti" juu ya cheti, majina ya bwana na bibi harusi, jina la marehemu kwenye jiwe, jina la kikundi kwenye fulana, alama ya kinyozi. Magazeti kama The New York Times, The Washington Post na Le Monde yameziacha kwenye jina la gazeti tu. Habari zenyewe zimepangwa kwa herufi nyingine. Huo ndio mpango wa kuiga.

Hazifai kwa aya. Hazifai kwa ratiba ya sherehe, kwa maelekezo ya ukumbi, wala kwa namba ya simu ya mtu wa kupokea michango. Na hazifai kwa bango la barabarani. Bango lililoko kando ya barabara kuu ya Zambia linasomwa na dereva wa lori anayewahi Tunduma; ana sekunde chache tu, na asubuhi pengine kuna ukungu.

6. Naweza kuandika jina lote kwa herufi kubwa?

Usifanye hivyo. Herufi kubwa za Kigothi zilichorwa ili kila moja isimame mwanzoni mwa neno, ikifuatwa na ndogo. Kila moja ni mapambo kamili. Ukizipanga saba mfululizo, kila moja inapiga kelele na hakuna inayosikika. Andika MBEYA kwa Old English yote kubwa, kisha simama hatua tatu nyuma: utaona ua la chuma la dirishani. Andika "Mbeya" na litasomeka papo hapo.

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, hasa kwenye stika za bajaji na migongo ya fulana.

7. Kwa nini mnakataa Fraktur kwenye maneno yenye k?

Hatukatai, ila tunaibadilisha k kwanza. K ndogo ya Fraktur haina ile miguu miwili inayotawanyika. Ina mti ulionyooka, kichwa kidogo kinachojikunja upande wa kulia, na kistari katikati. Mjerumani wa zamani aliijua. Mtu wa leo anaona t. Na Kiswahili bila k hakisemeki: kwa, katika, kila, karibu, kikundi, kanisa.

Nililijifunza kwa gharama. Kwaya moja iliagiza fulana 40 zenye maneno mawili kifuani, "Sifa kuu". Nikachagua Fraktur nzuri, nikachapa kwa dhahabu juu ya nyeusi, wakazivaa Jumapili. Jumatatu asubuhi mama mwenyekiti wa kwaya alikuja na moja ndani ya mfuko. Akaikunjua mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaniambia, "Mwanangu, soma." Nikasoma kama nilivyoandika. Akageuka mlangoni, akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria: "Hebu nisomee hapa." Kijana akasoma bila kusita: "Sifa tuu."

Kwa watu wanaoimba ibadani hakuna neno linaloweza kuumiza kuliko hilo. Tulizichapa upya zote 40 kwa gharama yetu, kwa herufi ambayo k yake ina miguu. Tangu siku hiyo hakuna kazi ya Kigothi inayotoka hapa kabla ya kusomwa na mtu wa mlangoni, mtu ambaye hajui kilichoandikwa na hajaambiwa. Nitalitaja jaribio hili tena hapa chini, kwa hiyo likumbuke.

8. Kwa nini "Iringa" inasomeka kama "Jringa"?

Kwa sababu katika Fraktur herufi kubwa I na J kwa kawaida ni umbo moja. Asili yake ni Kilatini, ambacho hakikuzitenganisha, na wachapaji wa Kijerumani waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Kwao neno lenyewe lilionyesha: I ikifuatwa na konsonanti, J ikifuatwa na irabu. Kwetu kanuni hiyo haishiki, na nyanda hizi zimejaa majina ya I: Iringa, Iyunga, Isanga, Itezi, Ilomba, Igawilo, Igurusi. Hata Old English ina I yenye tumbo na mkunjo, inayomchanganya asiyeizoea.

Kuna njia tatu. Chagua fonti ambayo I na J zinatofautiana. Zipo, hasa zile zilizochorwa miaka ya karibuni. Au chora I yako kwa kunyoosha mti na kuondoa mkunjo wa chini, kazi ya dakika kumi kwenye programu ya kuchorea. Au panga maneno upya ili jina la mahali liende mstari wa chini kwa fonti ya kawaida. Ukiwa na haraka, hiyo ya tatu inatosha.

9. Jina langu limekuwa kama uzio wa vijiti. Nifanye nini?

Hilo ni tatizo la zamani kuliko mashine ya kuchapa. Katika Textura, herufi i, n, m na u zote zinajengwa kwa mti mmoja mfupi unaorudiwa. Chukua neno "muumini" uhesabu miti: m mitatu, u miwili, u miwili tena, m mitatu, i mmoja, n miwili, i mmoja. Miti 14 imesimama sambamba, na kinachoitenganisha ni vistari vyembamba tu juu na chini. Waandishi wa kale waliona taabu hiyohiyo, wakaanza kuweka kistari juu ya i ili ionekane. Nukta ya i tunayoiandika leo imetokana na hapo.

Majina mengi ya Wanyakyusa huanza na Mwa-, na mengi yana n na m katikati, kwa hiyo tunakutana na hili kila wiki. Dawa ya kwanza ni kuacha Textura na kwenda kwenye Rotunda, ambako n imefunguka chini na u imefunguka juu. Dawa ya pili ni ukubwa: jina la namna hiyo likiwa la sentimita mbili kwenda juu litasomeka hata pale ambapo la nusu sentimita halisomeki. Kutanua nafasi kati ya herufi si dawa, na sababu iko kwenye swali la 10.

10. Nafasi na ukubwa niweke vipi?

Uzuri wa Textura uko kwenye mdundo: weupe ulio ndani ya n uwe sawa na weupe ulio kati ya n na herufi inayofuata, na wote ukaribiane na unene wa mti wenyewe. Neno lote linakuwa kitambaa kimoja kilichofumwa sawasawa. Ukivuta herufi mbali mbali, kitambaa kinachanika. Kwa hiyo acha nafasi kama ilivyokuja na fonti, na upunguze kidogo nafasi kati ya neno na neno.

Wajerumani walitanua herufi za Fraktur makusudi pale walipotaka kutilia mkazo neno, kwa sababu Fraktur haina herufi za mlazo. Hata hivyo ch na ck ziliachwa zimeshikana. Sisi tuna ch kila mahali, kwenye cheti, chuo na chama. Fonti nzuri ina ch iliyounganishwa tayari, na neno "Cheti" ukilianza kwa C kubwa linapendeza kuliko maneno mengi ninayoyajua.

Kwenye karatasi sishuki chini ya pointi 24 kwa Old English. Kwenye kadi ndogo, bora jina moja kubwa kuliko sentensi ndogo.

11. Nioanishe na fonti gani?

Na fonti ya kawaida yenye vijimguu, iliyotulia, kama Garamond au EB Garamond ambayo ni ya bure. Usiweke mwandiko wa mikunjo kama wa kadi za Valentine pembeni ya Kigothi: vyote viwili ni vya kalamu, vyote vinataka kutazamwa, na kadi inachoka kabla ya msomaji. Kwenye jiwe la kaburi tunaandika jina kwa Kigothi, kisha "Raha ya milele umpe ee Bwana" kwa herufi za kawaida, kwa kuwa sala inasomwa na watoto pia.

12. Vipi tarehe, namba na ng'?

Tarehe ya harusi inaweza kuwa ya Kigothi ikiwa kubwa na iko peke yake. Namba za simu na za akaunti kamwe.

Kuhusu ng', hakikisha alama ni ile iliyopinda, si kile kijiti kilichonyooka cha kwenye kibodi. Fonti nyingi za Kigothi zimechora alama iliyopinda kwa kalamu ileile, lakini kijiti kilichonyooka kimesahaulika, na kinakaa kwenye "ng'ombe" kama msumari ulioachwa ukutani. Kama jina la mtu lina ng', mpe yeye mwenyewe asome kabla ya kuchapa.

## Vifaa na kuchapa

13. Nipate wapi fonti za bure, na je, ninaruhusiwa kuuza kazi niliyoitumia?

Ukiwa na Microsoft Office, mara nyingi tayari unayo Old English Text MT. Kwenye Google Fonts utapata UnifrakturMaguntia, iliyotokana na Fraktur ya mwaka 1901, na UnifrakturCook, inayofuata herufi nzito alizochora Rudolf Koch na kutolewa mwaka 1910. Kwa Kiswahili jaribu kwanza Grenze Gotisch au Pirata One. Zina roho ya Kigothi, lakini zimechorwa kwa ajili ya msomaji wa leo. Faili ni dogo, halimalizi bando.

Fonti za Google Fonts nilizozitaja ziko chini ya leseni huria: unaruhusiwa kuchapa kadi, vyeti na fulana na kuziuza. Kisichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Jihadhari na tovuti zinazotoa fonti "kwa matumizi binafsi". Hizo si za biashara, na fulana ya kuuza ni biashara.

14. Nikipeleka kazi stesheneri kwa flashi, maandishi yanabadilika. Kwa nini?

Kompyuta ya pale haina fonti yako, imeweka nyingine badala yake. Hifadhi kazi kama PDF kabla ya kuondoka nyumbani, au kwenye programu ya kuchorea geuza maandishi yawe michoro. Ukiyageuza michoro huwezi tena kusahihisha jina, kwa hiyo tunza nakala nyingine isiyogeuzwa. Nimeona kadi 300 zikiharibika kwa sababu ya herufi moja kwenye jina la mkwe, na nakala ya kusahihisha haikuwepo.

15. Zinakaaje kwenye stika, darizi na marumaru?

Tatizo ni ile mistari myembamba kama uzi. Kwenye stika ya kukatwa kwa plota, uzi huo unachanika wakati wa kubandua, au unaanza kuinuka pembeni baada ya mvua chache, na Tukuyu mvua si chache. Kwenye darizi ya skafu za mahafali, mstari ulio chini ya milimita 1 haushoneki vizuri. Unageuka kuwa nukta nukta. Kwenye fulana wino unaziba matundu madogo ya ndani ya a na e.

Kwa hiyo nenepesha mistari myembamba kabla ya kutuma kazi, na fungua matundu kidogo. Fonti nzito za mtindo wa Koch huvumilia kuliko Old English. Marumaru ndiyo inayozipokea vizuri kuliko vyote, maana patasi nayo ina ncha bapa na inapenda kona. Mwombe fundi akuonyeshe herufi mbili kwenye kipande kilichobaki kabla hajagusa jiwe lenyewe.

16. Zile herufi za Kigothi za kunakili kwenye WhatsApp na Instagram ni fonti?

Si fonti. Ni alama za hisabati zilizoingizwa kwenye mfumo wa herufi wa kompyuta ili wanahisabati waandike milinganyo yao. Wao wana desturi ya kutumia herufi za Fraktur kwa vitu maalumu. Kwa kompyuta, "Karibu" iliyoandikwa hivyo si neno la Kiswahili bali ni alama sita zilizopangwa. Mtu akitafuta jina la duka lako huenda asikupate, na programu inayomsomea asiyeona inaweza kutaja alama moja moja au kunyamaza kabisa. Kwenye jina la biashara usizitumie. Weka picha ya alama yako, jina liandike kawaida.

## Kuchora zako mwenyewe

17. Nianze na kifaa gani?

Anza na kalamu halisi, kompyuta iwe baadaye. Kalamu ya ncha pana ya dukani ni nzuri, lakini kwa mtu wa Iringa au Njombe mwanzi uko nyuma ya nyumba. Kata kipande cha mwanzi uliokauka, unene wa kidole, urefu wa shubiri. Uchonge ncha kwa mshazari mrefu hadi ibaki bapa, upana wa milimita 4, kisha ukate mwisho wake kwa pigo moja la kisu kikali ili usiwe na nyuzi. Pasua ufa mfupi katikati, wino upate njia ya kushuka. Wino wa muhuri unatiririka sana. Changanya na gundi kidogo.

Shika ncha kwa mshazari wa nyuzi 40 hadi 45 na usiibadilishe. Kwa Textura, urefu wa n uwe mara tano ya upana wa ncha. Kwa kalamu hii ni milimita 20. Wiki ya kwanza andika miti mitupu, mistari kumi kwa siku. Ukiona weupe kati ya miti unalingana bila kupima, mkono umeiva.

Kama huna mwanzi, funga penseli mbili pamoja kwa mpira. Utaona wazi unene unatoka wapi.

18. Herufi zipi zichorwe kwanza?

Vitabu vingi hukuanzisha na n na o, na ni sawa: kutoka i unapata n, m, u na h, kutoka o unapata b, d na p. Lakini Kiswahili kina mizani yake. Herufi inayojirudia kuliko zote kwetu ni a, kwa hiyo tumia siku nyingi kwenye a, maana ikikosea kidogo kila mstari unaonekana mgonjwa. Kisha k, w, y, z. Herufi q na x hatuzihitaji, na c inatembea na h tu. Fonti nyingi za Kigothi zimechorwa kwa lugha ambazo k, w na y huonekana kwa nadra zaidi, na ukizitazama kwa karibu utaona hizo tatu hazikupewa muda. Hapo ndipo kijana wa Mbeya anaweza kuchora kitu bora kuliko kilichopo.

Jaribu kwa maneno yenye taabu: mnunuzi, kikwetu, wanyonge, kung'uta, Mwanjelwa. Ukiridhika, piga picha karatasi kwa mwanga wa dirishani, fuatilia maumbo kwenye Inkscape, kisha uyapange kwenye FontForge. Zote mbili ni programu za bure. Kabla ya kumpa mtu yeyote, fanya jaribio la mtu wa mlangoni (swali la 7).

19. Niweke ile s ndefu inayofanana na f?

Hapana. S ndefu ilikuwa ya mwanzoni na katikati ya neno, na s fupi ya mwishoni. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo ukifuata kanuni hiyo karibu kila s ingekuwa ndefu, na "sasa" ingesomeka "fafa". Iache kwa wanaochapa upya vitabu vya zamani.

## Maswali magumu

20. Je, hizi si herufi za Wanazi?

Swali hili huulizwa zaidi na wageni, lakini hata wenyeji walioona filamu za vita huliuliza, na linastahili jibu kamili. Herufi hizi zilikuwepo miaka mia saba na zaidi kabla ya Wanazi, na Wajerumani wenyewe walibishana kwa muda mrefu kama waziache. Mwaka 1911 suala hilo lilifika mpaka bungeni. Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933 walizitukuza kama mwandiko wa taifa. Kisha tarehe 3 Januari 1941 waraka uliosainiwa na Martin Bormann, mmoja wa vigogo wa chama chao, ukazipiga marufuku, ukidai kwamba asili yake ni Wayahudi. Dai hilo lilikuwa uongo. Sababu ya kueleweka zaidi ni kwamba watu wa nchi walizoziteka hawakuweza kuzisoma.

Kwa hiyo herufi zenyewe hazina hatia. Ila mchanganyiko una maana: Fraktur nyoofu nzito, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, ikiwa na tai juu yake, itamkumbusha mtu jambo ambalo hukulikusudia. Mteja akitaka hivyo, namweleza waziwazi kisha nabadilisha rangi.

21. Tuna karatasi za Kijerumani za babu. Zinasomekaje?

Kwanza tazama kama zimechapwa au zimeandikwa kwa mkono. Mji wa Mbeya ulikua miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, kwa hiyo karatasi za Kijerumani za upande huu hutoka zaidi Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, au kwenye misheni kama Rungwe, walikofika Wamoravian mwaka 1891, au Iringa.

Zilizochapwa kwa Fraktur zinasomeka ukijua mitego michache. S ndefu na f zinafanana, lakini kistari cha f kinapita pande zote mbili za mti, na cha s kiko kushoto tu au hakipo. K inafanana na t (swali la 7), I na J ni moja (swali la 8). Pia, maneno ya lugha za kigeni mara nyingi yalipangwa kwa herufi za mviringo katikati ya Fraktur, kwa hiyo anza kutafuta hayo, yataruka machoni.

Zilizoandikwa kwa mkono ni kitu kingine. Huo ni mwandiko uitwao Kurrent, ambamo e inafanana na n, na hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Usijaribu kuzisafisha wala kuzibandika gundi. Zipige picha zikiwa zimelala, mchana, bila mwanga wa simu, kisha umpelekee mtu aliyejifunza mwandiko huo. Baadhi ya watunza nyaraka wa makanisa wanaweza kusaidia.

22. Cheti changu kimepotea. Mnaweza kukichapa upya kwa herufi zilezile?

Hapana, hata kama una picha yake kwenye simu na hata kama fonti tunaitambua. Anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha nenda kwenye taasisi iliyokitoa; wao ndio wenye daftari la majina. Tukipokea oda ya vyeti, tunataka barua ya shule au chuo yenye muhuri, na orodha ya majina iliyosainiwa. Sampuli tunatoa bila jina la mtu.